Amedeo Avogadro: Wakili wa Chembe Zisizoonekana

Mnamo mwaka wa 1811, jarida moja la fizikia lililokuwa likichapishwa jijini Paris lilitoa makala ya mwalimu mmoja wa mji mdogo, mtu wa miaka 34 ambaye shahada yake ya juu ilikuwa ya sheria za kanisa. Makala hayo hayakuwa na jaribio hata moja jipya la maabara. Mwandishi wake hakuwa amechemsha wala kuyeyusha kitu. Alikuwa amezichukua takwimu za wenzake, akazitafakari, kisha akatoa hoja moja tu: kwamba gesi zozote zile, zikiwa na ujazo sawa, halijoto sawa na shinikizo sawa, huwa na idadi sawa ya molekuli. Leo hoja hiyo hupitiwa na mwanafunzi wa kemia wa shule ya upili kabla kengele ya kipindi haijalia. Wakati ule ilipuuzwa kwa takriban nusu karne, na ilipopata mtetezi wa kuisimamia mbele ya kadamnasi ya wanakemia, aliyeitoa alikuwa na miaka minne kaburini.

Yamkini msomaji wa jarida la Kiswahili atauliza mwanakemia ana uhusiano gani na chama chetu. Jibu ni kuwa maisha ya Amedeo Avogadro, pamoja na kuwa maisha ya mwanasayansi, ni kisa cha istilahi. Alikuwa na wazo sahihi, ila hakuwa na maneno ambayo wenzake wangeyaelewa upesi, na sisi tunaohangaika kila uchao na suala la kuunda istilahi za taaluma tuna sababu ya kumtazama kwa makini. Aidha, ni kisa cha hesabu ambayo wengi wetu tuliikimbia tukaingia kitivo cha sanaa. Nitajaribu kuieleza hapa bila kumtisha mtu.

Lorenzo Romano Amedeo Carlo Avogadro alizaliwa tarehe 9 Agosti 1776 mjini Torino, kaskazini mwa nchi tunayoiita sasa Italia. Wakati huo Italia haikuwa dola moja. Torino ulikuwa mji mkuu wa Ufalme wa Sardinia, uliojumuisha pia eneo la Piemonte. Ukoo wake ulikuwa wa tabaka la juu, na kazi ya ukoo ilikuwa sheria, vizazi na vizazi. Hata jina lenyewe Avogadro lina asili katika neno la Kilatini lenye maana ya wakili. Baba yake, Filippo, alikuwa afisa mkubwa wa mahakama. Kijana Amedeo akafuata nyayo. Mwaka wa 1796, akiwa na miaka 20, alihitimu shahada ya udaktari katika sheria za kanisa na kuanza kazi hiyo. Baadaye alirithi cheo cha ukabaila, akawa Kaunti wa Quaregna na Cerreto. Lau angetosheka na hayo, angeishi kwa raha na kusahaulika kwa raha.

Hakutosheka. Mnamo mwaka wa 1800 Alessandro Volta, Mwitalia mwenzake, aliutangazia ulimwengu kifaa chake cha kutoa umeme mfululizo, yaani betri ya kwanza, na wasomi wengi wa Ulaya wakashikwa na homa ya umeme. Karibu na wakati huo Avogadro alikuwa amekwisha kuanza kujifunza hisabati na fizikia kivyake. Mwaka wa 1803, akishirikiana na ndugu yake Felice, aliwasilisha utafiti wao wa kwanza kuhusu umeme mbele ya Akademia ya Sayansi ya Torino. Mwaka uliofuata akademia hiyo ilimteua kuwa mwanachama mshiriki. Mwaka wa 1806 alipata kazi ya kuwaonyesha wanafunzi majaribio katika chuo kimoja mjini humo, na mwaka wa 1809 akapelekwa Vercelli kufundisha fizikia. Ni huko Vercelli, mbali na maabara kubwa za Paris na London, ndiko alikoandika makala tuliyoanza nayo. Aliyaandika kwa Kifaransa. Piemonte wakati huo ilikuwa imemezwa na himaya ya Napoleon, na kwa vyovyote vile Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya kemia.

Kabla ya kuendelea, yatupasa kufahamu tatizo alilolikabili. Chukua mfano wa fundi seremala anayekwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Fundi huyu anahitaji misumari kwa idadi: kila ubao unataka misumari miwili. Mwenye duka naye haiuzi kwa idadi bali kwa kilo. Hakuna ugomvi baina yao kwa sababu fundi akitaka anaweza kuupima msumari mmoja, akajua uzito wake, kisha akagawa. Kutoka kwenye kilo atapata idadi. Mwanakemia wa mwanzoni mwa karne ya 19 alikuwa na mizani nzuri, na aliweza kupima elementi kwa sehemu ndogo mno za gramu, ila hakuweza kuushika msumari mmoja. Chembe zilikuwa ndogo kupita kiasi. Alijua kilo, hakujua idadi. Na mmenyuko wa kikemia, kama ubao wa seremala, hufuata idadi.

Mizani ilikuwa imefanya kazi kubwa hata hivyo. Antoine Lavoisier, kabla ya kukatwa kichwa jijini Paris mnamo Mei 1794, alikuwa ameonyesha kuwa uzito wa vitu vinavyoingia katika mmenyuko ni sawa na uzito wa vitu vinavyotoka. Mwaka wa 1792 Mjerumani Jeremias Richter alikuwa ameanza kupima kiasi cha asidi kinachotosheleza kiasi fulani cha besi. Richter ndiye aliyeibuni, kutokana na maneno ya Kigiriki ya elementi na kipimo, istilahi ya stoikiometria, ambayo hadi leo hutumiwa kulitaja somo hili la uwiano wa vitu vinavyomenyuka. Joseph Proust, Mfaransa aliyefanya kazi Uhispania, alisisitiza kuwa kampaundi moja huwa na elementi zake kwa uwiano uleule wa uzito daima. Maji, kwa mfano, yawe ya mto au ya mvua, huwa na gramu 8 za oksijeni kwa kila gramu 1 ya haidrojeni. Kisha akaja John Dalton, mwalimu wa Manchester, ambaye katika kitabu chake cha mwaka wa 1808 alieleza kwa nini iwe hivyo: kila elementi ina atomu zake, zenye uzito wake, na atomu hizo huungana kwa idadi ndogo zisizo na sehemu.

Hapo ndipo palipokuwa na shimo. Kutokana na uzito wa 1 kwa 8, mtu anaweza kusema maji yana atomu moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni, basi atomu ya oksijeni ni nzito mara 8. Mwingine aseme haidrojeni ni mbili kwa oksijeni moja, basi oksijeni ni nzito mara 16. Mizani huwakubali wote wawili. Dalton alichagua njia fupi: palipojulikana kampaundi moja tu ya elementi mbili, alidhani kuwa ni atomu moja kwa moja. Kwake maji yalikuwa haidrojeni moja na oksijeni moja. Amonia, naitrojeni moja na haidrojeni moja. Dhana hiyo ilikuwa rahisi. Haikuwa na ushahidi wowote, na kila uzito wa atomu uliokokotolewa juu yake uliyumba pamoja nayo.

Ushahidi ulitoka kwa gesi. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1808, Joseph Louis Gay-Lussac alitangaza jijini Paris kuwa gesi humenyuka kwa ujazo wenye uwiano wa namba ndogo kamili. Lita 2 za haidrojeni huungana na lita 1 ya oksijeni, na mvuke wa maji unaotokea ni lita 2. Lita 1 ya naitrojeni na lita 3 za haidrojeni hutoa lita 2 za amonia. Lita 1 ya naitrojeni na lita 1 ya oksijeni hutoa lita 2 za oksidi ya naitrojeni. Ungetarajia Dalton ashangilie, kwani namba ndogo kamili ndizo alizokuwa akizihubiri. Dalton alikataa katakata, na kukataa kwake hakukuwa kwa ukaidi mtupu. Ikiwa lita moja ya gesi yoyote ina idadi sawa ya chembe, na atomu haigawanyiki, basi lita moja ya naitrojeni haiwezi kuzaa lita mbili za kampaundi yake. Kila atomu ingebidi ikatwe vipande viwili. Tena, mvuke wa maji ni mwepesi kuliko oksijeni ya ujazo uleule. Inakuwaje oksijeni iliyoongezewa kitu kingine iwe nyepesi kuliko oksijeni tupu?

Avogadro aliliona tatizo hilo akiwa Vercelli na kulitatua kwa hatua moja ambayo, ukishaionyeshwa, unashangaa ilivyowapita wengine. Alisema chembe za gesi ya elementi si lazima ziwe atomu mojamoja. Chembe ya oksijeni inayoelea hewani yenyewe ni jozi, na inapomenyuka jozi hiyo hupasuka nusu kwa nusu. Kwa hiyo molekuli moja ya oksijeni huweza kuzihudumia molekuli mbili za maji, kila moja ikipata nusu yake. Lita ya naitrojeni huzaa lita mbili kwa sababu iyo hiyo. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko oksijeni kwa kuwa kila molekuli yake imebeba nusu tu ya molekuli ya oksijeni, pamoja na haidrojeni ambayo uzito wake ni hafifu. Pingamizi za Dalton zikaanguka zote, na atomu yake isiyogawanyika ikabaki salama.

Faida yake ikaja mara moja. Ikiwa lita ya oksijeni na lita ya haidrojeni zina idadi sawa ya molekuli, basi kulinganisha uzito wa lita hizo mbili ni sawa na kulinganisha uzito wa molekuli mojamoja. Hapana haja ya kuijua idadi yenyewe! Seremala wetu amepewa makopo mawili, akahakikishiwa kuwa yana misumari kwa idadi sawa ingawa haambiwi ni mingapi. Akiyaweka kwenye mizani na kuona moja ni zito mara 16 kuliko lingine, amekwisha kujua kuwa msumari wa kopo hili ni mzito mara 16 kuliko wa kopo lile. Avogadro alichukua vipimo vya gesi vilivyokuwapo na kukokotoa kuwa molekuli ya oksijeni ni nzito karibu mara 15 kuliko ya haidrojeni, na ya naitrojeni karibu mara 13. Vipimo vya kisasa vinatoa 16 na 14. Tofauti ilitokana na vipimo alivyorithi, si na hoja. Kwa hoja hiyo alitamka kuwa maji ni haidrojeni mbili kwa oksijeni moja, na amonia ni haidrojeni tatu kwa naitrojeni moja. Ndivyo tunavyoandika hadi sasa.

Kwa nini basi hakusikilizwa? Simulizi za shule hupenda kumchora kama mnyonge aliyedhulumiwa na wakubwa. Mimi naona sehemu ya lawama ni yake. Tuanze na lugha. Neno atomu, ambalo Dalton alikuwa amekwisha kulieneza, Avogadro hakulitumia. Kila chembe kwake ilikuwa molekuli: kulikuwa na molekuli kamili, molekuli ya elementi inapokaa peke yake, na molekuli ya msingi, ambayo ndiyo atomu. Pengine alitumia neno molekuli likiwa peke yake, akamwachia msomaji kazi ya kukisia ni ipi. Sasa fikiria makala ambayo uzito wake wote umesimama juu ya tofauti baina ya atomu na molekuli, lakini vitu hivyo viwili vinaitwa kwa jina moja lenye vivumishi tofauti. Leo TUKI, katika kamusi yao ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia ya mwaka wa 1990, wametupa maneno tofauti, na mwanafunzi hahitaji kubahatisha. Msomaji wa Paris wa 1811 hakuwa na bahati hiyo.

Fauka ya hayo, Avogadro hakuishia kwenye gesi. Aliinyoosha hoja yake hadi kwenye metali na vitu vigumu visivyogeuka mvuke kwa urahisi, ambako ushahidi haukuwapo, na wenye shaka wakapata pa kushika. Hakuwa hodari wa maabara, wala hakuwa msafiri. Wanasayansi wa wakati ule walijenga sifa kwa kutembeleana na kuandikiana barua, naye alikaa Piemonte maisha yake yote.

Hata hivyo kikwazo kikubwa kabisa hakikuwa mikononi mwake. Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika kemia ya enzi hiyo, alifundisha kuwa atomu huungana kwa sababu moja ina chaji chanya na nyingine hasi. Kwa mtazamo huo atomu mbili za oksijeni, zikiwa na chaji ya namna moja, zingesukumana. Jozi ya Avogadro ilikuwa muhali. Ndipo wanakemia walipojikuta mahali pa ajabu: takwimu za gesi zilidai jozi, nadharia ya umeme iliikataza, na nadharia ndiyo iliyoshinda.

Mwaka wa 1814 Mfaransa André-Marie Ampère alitoa hoja inayokaribiana na hiyo, na kwa kuwa Ampère alikuwa mtu wa Paris, kwa miaka mingi watu waliitaja hoja hiyo kwa jina lake. Mwaka wa 1826 Jean-Baptiste Dumas, kijana hodari wa maabara, alivumbua njia ya kupima uzito wa mivuke na kujaribu kuitumia hoja ya ujazo sawa kubainisha uzito wa atomu. Matokeo yalimtatiza. Katika miaka iliyofuata zebaki, fosforasi na salfa zilimpa namba zilizopingana na zile zilizopatikana kwa njia nyingine. Leo twajua sababu: si kila elementi hutembea kwa jozi. Mvuke wa zebaki ni wa atomu mojamoja, wa fosforasi ni wa atomu nne nne, na wa salfa, katika joto alilotumia Dumas, ni wa sita sita. Hoja ya Avogadro haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kudhani kuwa jozi ni sheria ya elementi zote. Dumas aliona giza, akakata tamaa na uzito wa atomu. Kwa maoni yangu tukio hili liliidhuru hoja ya Avogadro kuliko hata upinzani wa Dalton, kwa sababu lilionekana kama ushahidi wa maabara.

Avogadro mwenyewe hakulalama. Mwaka wa 1820 Chuo Kikuu cha Torino kilimpa kiti cha uprofesa wa fizikia ya hisabati, cha kwanza cha namna yake huko. Hakukikalia sana. Machi 1821 yalizuka maasi ya kudai katiba, mfalme akajiuzulu, na nduguye aliyemrithi akakaza kamba. Mwaka wa 1822 kiti kile kilifutwa, kwa maelezo kwamba msomi huyo apunguziwe mzigo wa kufundisha ili ashughulikie utafiti. Akapewa cheo cha heshima na pensheni ndogo. Kiti kilipofufuliwa mwaka wa 1832 hakurudishiwa yeye, bali alipewa Augustin-Louis Cauchy, mwanahisabati mashuhuri wa Ufaransa aliyekuwa uhamishoni. Cauchy aliondoka mwaka uliofuata kwenda kumfundisha mjukuu wa mfalme aliyepinduliwa. Mwaka wa 1834 Avogadro akarejea mahali pake, na hapo akafundisha hadi alipostaafu mwaka wa 1850.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Felicita Mazzé, na watoto sita. Waliomjua walimsifu kwa upole, uchaji na maisha yasiyo na makuu. Kati ya mwaka wa 1837 na 1841 alitoa kitabu kikubwa cha fizikia chenye majuzuu manne. Serikali nayo ilimtumia katika shughuli za takwimu, za hali ya hewa, na za vipimo; alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuingiza mfumo wa mita na gramu katika Piemonte. Alifariki dunia mjini Torino tarehe 9 Julai 1856, akiwa amebakisha mwezi mmoja kutimiza miaka 80. Nje ya Italia kifo chake hakikuzua gumzo lolote.

Kemia aliyoiacha ilikuwa imevurugika. Kwa kuwa hapakuwa na makubaliano juu ya uzito wa atomu, hapakuwa na makubaliano juu ya fomyula. Huyu aliandika maji kwa haidrojeni moja na oksijeni ya uzito wa 8, yule kwa haidrojeni mbili na oksijeni ya uzito wa 16. Mwaka wa 1861 August Kekulé aliweza kuorodhesha katika kitabu chake fomyula 19 tofauti za asidi ya siki, ambayo ni kitu kimoja tu kilichomo katika kila jiko. Ni Kekulé huyo, pamoja na wenzake Weltzien na Wurtz, waliowaita wanakemia wa Ulaya mjini Karlsruhe, Ujerumani, kuanzia tarehe 3 hadi 5 Septemba 1860, ili wapatane. Zaidi ya wanakemia 120 walihudhuria.

Miongoni mwao alikuwapo Stanislao Cannizzaro, mzaliwa wa Palermo ambaye mwaka wa 1848 alikuwa amepigana katika mapinduzi ya Sicilia na kulazimika kukimbilia uhamishoni. Miaka miwili kabla ya mkutano, akiwa profesa mjini Genova, alikuwa amechapisha muhtasari wa kozi yake ya kemia, na kozi yote aliijenga juu ya hoja ya Avogadro. Njia yake ilikuwa nyepesi. Chukua molekuli ya haidrojeni kuwa na uzito wa 2. Pima gesi nyingi kadiri iwezekanavyo zenye kaboni, na kila mara uliza ni kiasi gani cha kaboni kilichomo katika uzito wa molekuli moja. Gesi ya methani ni 16, na ndani yake kaboni ni 12. Monoksidi ya kaboni ni 28, kaboni ni 12. Dioksidi ya kaboni ni 44, kaboni ni 12. Ethini ni 28, kaboni ni 24. Hutapata 6 kamwe, wala 18. Basi 12 ndio uzito wa atomu ya kaboni, kwani atomu haiingii nusu. Hapakuhitajika kudhani chochote kuhusu jozi. Gesi zenyewe zilisema.

Cannizzaro alizungumza kwa ari katika siku ya mwisho, lakini mkutano ulivunjika bila azimio. Rafiki yake Angelo Pavesi aligawa nakala za ule muhtasari wajumbe walipokuwa wakiagana. Wakausoma walipofika makwao. Lothar Meyer alikuwa mmoja wao. Dmitri Mendeleev wa Urusi alikuwa mwingine. Mwaka wa 1869 Mendeleev alizipanga elementi kwa mfuatano wa uzito wa atomu zilizosahihishwa kwa njia hiyo na kupata jedwali linaloning'inia katika maabara zetu zote. Kwa uzito wa zamani, uliochanganya 8 na 16, ruwaza ile isingejitokeza.

Wanafunzi wanaosumbuka na maswali ya moli katika shule zetu wanafuata njia iyo hiyo. Neno moli lilianza kutumiwa na Wilhelm Ostwald katika miaka ya 1890. Ni gramu zinazolingana na uzito wa molekuli. Moli ya naitrojeni ni gramu 28, ya haidrojeni gramu 2, ya amonia gramu 17. Mlinganyo wa amonia hutaka moli 1 ya naitrojeni kwa moli 3 za haidrojeni ili kupata moli 2 za amonia. Tuseme una gramu 14 za naitrojeni na gramu 4 za haidrojeni. Ukitazama gramu tu utadhani haidrojeni ni haba. Zigeuze ziwe moli: naitrojeni ni nusu moli, haidrojeni ni moli 2. Nusu moli ya naitrojeni itadai moli moja na nusu ya haidrojeni, yaani gramu 3. Kumbe naitrojeni ndiyo itakayokwisha kwanza, gramu 1 ya haidrojeni itabaki, na amonia, iwapo mmenyuko utakamilika wote, itakuwa moli 1, gramu 17. Hesabu hii si ya ubaoni pekee. Uwiano huo wa 1 kwa 3 ndio unaotawala gesi zinazoingizwa katika viwanda vya amonia tangu kile cha kwanza kilipofunguliwa Ujerumani mwaka wa 1913, na amonia ndiyo chanzo cha mbolea za naitrojeni anazonunua mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia. Yeyote anayesema maji na amonia ni moja kwa moja, kama Dalton, angekosea kila gunia.

Kuhusu ile namba maarufu iitwayo kwa jina lake, Avogadro hakuwahi kuikokotoa. Hoja yake ilikuwa kwamba idadi ni sawa, si kwamba ni kadha wa kadha. Kadirio la kwanza la ukubwa wa molekuli za hewa, ambalo kutokana nalo idadi huweza kupatikana, lilitolewa na Josef Loschmidt wa Austria mwaka wa 1865. Jean Perrin wa Ufaransa, baada ya kuhesabu chembe ndogondogo zikichezacheza majini chini ya hadubini, alipendekeza mwaka wa 1909 kuwa idadi ya molekuli katika moli moja ipewe jina la Avogadro, na kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1926. Mnamo 1971 moli iliingizwa katika orodha ya vipimo vya msingi vya kimataifa, ikiegemezwa kwenye gramu 12 za kaboni. Tangu tarehe 20 Mei 2019 haiegemei gramu zozote: moli ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, si zaidi si pungufu, na idadi hiyo ndiyo inayoandikwa kwa jina la wakili wa Torino.